Nyumba ya nyanya niliyoipigilia misumari Malaba

Wakuu, salamu kutoka Malaba. Mimi ni mzee sasa, na hii nitaisimulia vile ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha.

Miaka ya sabini nilikuwa nimemaliza form four na kumuoa Amoit, Mteso wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo, Uganda. Nikaona mchoro wa greenhouse kwenye kitabu cha kilimo, nikajenga yangu ya nyanya kwa miti na nailoni. Paa fupi, pande zote zimezibwa.

Kitabu kilikuwa cha watu wa nchi za baridi. Jua la huku mnalijua.

Nyanya zilirefuka, zikatoa maua, maua yakaanguka. Amoit ndiye aliyekuwa akimwagilia, na kila asubuhi alitoka humo amelowa jasho. Akaniambia niinue paa, niache mwanya juu.

"Hata jiko letu la paa la nyasi linapumua," alisema. "Wewe msomi umefunika chungu, halafu unangoja maua yazae."

Majirani wakacheka. Nikamjibu kwamba kitabu hakikuandikwa na mtu wa jikoni.

Neno hilo bado linanichoma.

Baadaye kona moja, ile inayotazama Uganda, ikaanza kuzaa. Mashina sita, yamebeba mpaka yanainama. Nikachungulia, nikakuta nailoni imekunjwa na kufungwa kwa kipande cha leso yake. Upepo ulikuwa unaingia.

Mtu mwenye akili angefungua na kona zingine. Mimi niliipigilia misumari, mbele yake.

Hakugombana. Alichuma zile nyanya, akasema anampelekea mamake.

"Ukifungua, nitumie habari," aliniambia. "Tororo si mbali."

Kweli haikuwa mbali. Nikangoja arudi kuomba msamaha, msamaha wa nini sijui. Nilipokuja kung'oa ile misumari, kuvuka mpaka kulikuwa kumekuwa kugumu. Nikasikia tu kwamba yeye na mamake walihamia Soroti, mbali ndani ya Uganda.

Leo greenhouse yangu ina paa refu, mwanya kileleni, pande za neti. Inazaa kuliko ninavyoweza kula. Lakini kona inayotazama Uganda sijaiwekea neti. Nimeikunja nailoni, nikaifunga kwa kitambaa. Vijana wanasema wadudu wataingia.

Waingie.

Nilichojifunza: kabla hujaziba, muulize anayemwagilia.

Wenye greenhouse humu, nyinyi mwanya mliuacha wapi? Andikeni, nasoma zote.

Na kama kuna mtu wa Soroti kwenye uzi huu, amwambie Amoit nilifungua.