Mpaka Koo Imekauka

Iko siku moja naikumbuka mpaka leo, Naserian mjukuu wangu. Nilikuwa msichana wa rika lako, nachunga mbuzi wa baba hapa hapa Kitengela, kabla ya ploti na mageti. Ilikuwa miaka ya themanini, na kaka yangu alikuwa amerudi kutoka Nairobi na radio ya kaseti. Kaseti yenyewe ilikuwa ya vinanda vya umeme, ngoma nzito inapiga polepole, mpaka unajiona uko ndani ya gari zuri unaenda mahali hujui. Wee! Nilipenda hiyo kitu mpaka nikaificha ndani ya shuka, nikaenda nayo malishoni.

Baba alikuwa amenikataza. Alisema mchungaji husikiza kengele za mbuzi. Zikinyamaza zote, ujue kuna mnyama. Mimi nikaweka radio karibu na sikio, nikafunga macho.

Nilipoyafungua, mbuzi wote walikuwa wamesimama, wametazama upande mmoja, hata kutafuna wameacha. Mimi peke yangu ndiye nilikuwa natikisa kichwa. Simba alikuwa amejilaza kwenye nyasi, karibu tu, kama kutoka hapa mlangoni hadi kwa tangi la maji.

Baba alitokea nyuma yangu na mkuki, akipiga kelele, na huyo simba akaondoka bila haraka. Baba hakunichapa. Alikaa chini, jasho linamtiririka, akasema, "Nimekuita tangu mtoni mpaka koo imekauka. Ulikuwa wapi?"

Sasa jana ukanivalisha hizo hedifoni zako. "Kokoo, bibi yangu, sikiza, ni muziki wa sasa lakini wameutengeneza ufanane na wenu." Na kweli, hao vijana wa kompyuta wanajua kutuiga, hata mkwaruzo wa kaseti wameuweka! Nikafunga macho, nikarudi usichana. Halafu ukanigusa bega, ukanivua hedifoni na kusema nami, nikapiga mayowe, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Ulidhani nimeshtuliwa na mkono wako. Hapana, mwanangu. Ni vile uliniambia, "Kokoo, nimekuita weee, hukusikia."

Ndiyo maana sikupata usingizi. Kila jioni ukishuka matatu pale steji unapita ile njia ya kando ya ua wa mbuga ya wanyama, giza likiingia, umeziba masikio yote mawili. Na juzi tu simba ameingia boma la jirani. Naogopa, siwezi kukudanganya.

Sikukatazi huo muziki. Ni mtamu, hata mimi nimeutamani. Usikilize nyumbani, mlango umefungwa, na uniwekee na mimi. Lakini njiani zivue hizo hedifoni, mwanangu, usikie mbwa wakinyamaza, usikie mtu akipiga kelele. Enkai, Mungu wetu, akutangulie kwenye hiyo njia, akurudishe kwangu ukiwa mzima, na nikisimama hapa getini nikuite kwa jina lako, uitike.