Matundu kwenye Boriti ya Zinnur

Zinnur Galimov hakuwahi kununua kifaa cha kufungulia injini. Kwenye safu yetu ya gereji, pembeni mwa mji wa Magnitogorsk, kununua ni kukiri kwamba mikono yako inajua kushika kijiko tu. Basi alipotaka boriti ya kulaza juu ya madigadi, ining'inize injini wakati yeye yuko kwenye shimo la sakafuni, chini ya gari, alivunja kitanda cha marehemu mama mkwe wake. Akachomelea vyuma viwili, akatia mnyororo na kulabu. Bibi yule alikuwa mzito, alisema, kwa hiyo chuma kilishafanyiwa majaribio.

Boriti ikawa ya safu nzima. Na sisi tuna adabu zetu: kifaa cha mtu hukirudishi kama ulivyokichukua. Injini za magari yetu hazishikwi mahali pamoja, hivyo kila aliyeazima alitoboa tundu la kulabu yake, akalipiga msasa, akarudisha boriti pamoja na samaki mkavu. Zinnur alipokea, akalisifu tundu. Miaka ikaenda. Ukiiinua boriti ile mbele ya dirisha, unaona theluji kupitia ndani yake.

"Hii ni boriti au chujio la chai?" Faina, mkewe, alimuuliza siku injini yao ilipoanza kuvuja oili.

"Ni marafiki zangu hao. Kila tundu lina mwenyewe."

"Haya. Ikikuangukia, wakuzike haohao."

Angeweza kuchomelea kiraka. Lakini kuziba tundu la jirani ni kumwambia jirani ameharibu, na Zinnur heri avunjike mfupa kuliko kumwambia mtu hivyo.

Akaining'iniza injini, akaiinua kidogo kutoka kwenye mipira inayoibeba, akateremka shimoni kufungua bakuli la oili. Jirani yake Genka alikuwa amekaa juu ya ndoo, anamenya yai. Mimi nilisimama mlangoni. Juu yetu kitu kikalia, tik.

"Kaka Zinnur, umesikia?" Genka akauliza.

"Baridi hiyo. Chuma nacho kinatetemeka."

Tik.

"Kaka, toka kwanza. Hicho chuma kinakuaga."

"Imebaki bolti moja, usinipigie kelele."

Mkono wake ulikuwa kati ya bakuli na chuma kinene kinachopita chini yake. Boriti ikaanza kuinama katikati, polepole, kama mtu anayesalimia wakwe. Kisha ikakatika.

Hakupiga ukelele. Hapo ndipo tulipoogopa kweli.

"Genka," sauti ikatoka shimoni, ya upole kabisa, "weka hilo yai chini, ndugu yangu. Leta jeki."

Tulipoinua, mkono ulitoka. Vidole viwili vilikuwa vimeshamaliza kazi yao.

Hospitalini Genka alisimama miguuni pa kitanda, anaikamua kofia yake kama nguo iliyofuliwa. "Kaka, imekatikia kwenye tundu la katikati. Ni langu."

Faina, aliyekuwa anamenya tofaa, aliacha kumenya.

Zinnur aliutazama ule mkono uliofungwa bandeji. "Nimelijua," akasema. "Ulilitoboa vizuri, lilikuwa la mviringo kabisa."

"Shemeji," Faina akamwambia Genka, kisu bado mkononi, "toka kabla sijakutoboa na mimi."

Genka akatoka. Zinnur akamgeuzia mkewe mgongo, akamwambia amemfedhehesha mbele ya mgeni.