Mtani wa Mama

Juzi kazini, mwenzangu mmoja Mgogo alimwambia mteja kwamba mimi Mnyamwezi ni mtumwa wake. Ofisi nzima ilicheka, nami nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni kule Urambo.

Mama alikuwa ghalani akichambua tumbaku na wanawake wenzake. Mimi nilijilaza juu ya magunia, harufu ya majani makavu ikinikereketa kooni, mara lori likanguruma mlangoni. Akashuka dereva mnene, akamshika mama mkono.

"Mtumwa wangu, umenikimbia siku nyingi! Leo narudi nawe Dodoma."

"Nichukue tu, baba, tumbaku imenichosha," mama akajibu.

Wanawake wakaangua kicheko. Sikuelewa. Mama anachukuliwa, na watu wanacheka? Hata yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikayaona yale machozi tu. Neno utani nilikuwa sijalisikia. Sikujua kwamba Wagogo na Wanyamwezi wametaniana hivyo tangu enzi za misafara, wala kwamba pale ghalani dereva yule alingojewa kwa hamu kila alipokuja kupakia.

Nikachukua kikapu cha mama na kandambili zake, nikapanda kwenye lori, nikaketi kando ya kiti cha dereva.

Walinikuta humo walipomaliza kupakia.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" mama akauliza.

"Dodoma. Usiniache."

Dereva alivua kofia. Mama alinishusha, akanifunga mgongoni kwa kanga ingawa nilikwisha kuwa mkubwa, akachambua tumbaku hivyo hivyo hadi jioni.