Yangeyange Hawadanganyi

Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi wakati wa vita hatukuwa na televisheni ya kutuonyesha wanyama. Mimi nilikuwa na Baba. Alikuwa fundi wa magari, mikono inanuka grisi hata siku ya Idi. Wiki zikitulia, Jumapili baada ya sala ya alfajiri, alinipakia nyuma ya baiskeli mpaka kwenye matete ya Rusizi, mto unapoingia ziwani. Majirani walisema ana wazimu. Vita hii, naye anapeleka mtoto kutazama ndege!

Lakini ndege gani, ndugu zangu! Minandi wameanika mabawa kama kanzu za madrasa. Mwari na mdomo wake, kapu la sokoni. Na yangeyange, weupe hadi macho yanauma, wamejaa juu ya mafunjo. Tulitembea kimya, viatu mkononi, tunatafuna maandazi ya jana, tope baridi linapenya kati ya vidole.

Baba alinifundisha kanuni ya wakata matete. Yangeyange wakitulia, tembea. Wakiruka wote kwa pamoja, kuna wenye bunduki ndani ya matete: lala chini, usiinuke mpaka watue. "Ndege hana kabila, hana chama," alisema. "Yeye anasema kweli."

Asubuhi moja, nina miaka minane, nilishindwa kujizuia. Nilitaka kuwaona wakiruka. Nikapiga makofi.

Wakaruka wote. Uzuri ule sijauona tena. Papo hapo Baba akaniangukia mgongoni, uso wangu ukazama topeni. Kila upande wakata matete walitupa panga na mizigo, wakalala. Moyo wa Baba ulikuwa unanigonga mgongoni. Hakuna aliyekuja.

"Ni mi, Baba," nikanong'ona. "Ni mi nimepiga makofi."

Hakunichapa. Alinipitisha kwa kila aliyelala, niombe radhi mmoja mmoja. Bibi mmoja mkata matete akanitazama juu mpaka chini.

"We mutoto! Umenilaza kwenye mavi ya kiboko!"

Wakacheka. Baba hakucheka. Njiani akasema, "Leo umewafundisha ndege uongo. Kesho wakiruka, mutu atasema ni mutoto wa fundi tu, atabaki amesimama."

Wiki nzima nilimwomba Mungu huyo mtu asiwe yule bibi. Jumapili iliyofuata yangeyange waliruka kweli. Bibi alikuwa wa kwanza kulala, na alipoinuka akanikonyeza. Nililia kwa furaha.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwenye matete yale yale. Tukawakuta vijana waliovaa suruali walizozinunua zikiwa zimeshachanika, simu zimeinuliwa. Wakapiga makofi ili ndege waruke kwenye video. Nilipojitambua nilikuwa topeni, binti yangu chini yangu.

"Mama, umeanguka?"

Niliinuka nikawafokea mpaka sauti ikakauka. "Tulia, mama, ni ndege tu!" wakanijibu. Ndege tu!

Enzi zetu yangeyange wakiruka, sote tulilala chini. Leo wanaruka na watu wamesimama, wanacheka. Alhamdulillahi, ndicho tulichoomba. Lakini sisi tuliolala tuliwatazama ndege wale hadi wa mwisho. Hawa waliosimama walitazama simu.

Nikamfuta binti yangu tope, nikamgeuza uso juu, ndege bado wanazunguka.

"Angalia," nikamwambia. "Angalia mpaka watue."