Wito wa Mara Moja

Fundi wa simu hapa Bondeni anachoma lehemu, na moshi wake unanirudisha kwenye mashua ya baba. Nilikaa nikimtazama baba akifunga antena juu ya kibanda cha mashua na kuunga nyaya za redio kwa lehemu. Redio ya pili aliiweka nyumbani, Kuze, dirishani kwa bibi, mamake.

"Nikikwita, bonyeza hapa uitike."

"Basi uniite mara mbili," bibi akamwambia. "Sauti ya baharini ikiita mara moja haiitikiwi. Majini hawarudii."

Siku ya kuijaribu, baba aliita, "Mama! Mama!" Bibi akaitika, "Labeka, mwanangu," akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Wiki iliyofuata, baada ya alasiri, redio ilikoroma. "Mama!" Ilikuwa sauti yake. Bibi aliweka kidole kwenye kitufe, akangoja wito wa pili. Tulingoja hadi magharibi. Mashua haikuonekana tena.

Tangu siku hiyo bibi aliitika kila kitu: mlango ukilia, kunguru, birika likichemka. "Labeka, mwanangu. Labeka."

Sasa hivi spika ya simu mezani kwa fundi imekoroma, mara moja tu, na mimi nimeshaitika.