Nilipopewa Kuisemea Tanzania

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufanyia mazoezi ya hotuba bafuni. Bafu letu la Koboko lilikuwa ua wa matete usio na paa, lenye harufu ya sabuni ya mche na udongo uliolowa, nami niliamini kwamba mtu akijimwagia maji humo hakuna anayemsikia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nasoma sekondari Arua, na likizo ile yote niliingoja safari ya Nairobi kama mgonjwa anavyongoja kupambazuke. Kulikuwa na mkutano wa wanafunzi wa kujifunza diplomasia: kila mmoja angesimama kama balozi wa nchi isiyo yake na kuitetea. Kikao kimoja kingekuwa cha Kiswahili, ndiyo maana Mwalimu Drani alinichagua. Zilipopigwa kura za nchi, mimi niliangukia Tanzania.

Miaka ile ya sabini serikali yetu ya Uganda na ile ya Tanzania zilikuwa maadui, na mtu aliyesikika akiisifu aliweza kuchukuliwa asirudi. Nililijua hilo. Lakini niliogopa zaidi kukosea. Kiswahili cha kwetu kilikuwa cha kambi za jeshi na cha sokoni. Mimi nilijifunza kingine peke yangu, kwa kitabu kisicho na jalada na kwa redio niliyoibana sikioni, nikiwaigiza watangazaji wa Dar es Salaam hadi taya zikaniuma. Neno moja likinitoka vibaya, naanza hotuba upya.

Alasiri moja nilikuwa nimefika pale pasemapo, "Sisi wananchi wa Tanzania hatuna ugomvi na watu wa Uganda," nikasikia mtu akikohoa upande wa pili wa matete. Alikuwa Sajini Rajabu, jirani yetu, aliyekuja nyumbani kwa likizo.

"Nani iko nasema humo ndani?"

Mama alikuwa nje akisuka kawa la kufunikia chakula. "Ni mtoto, Afande. Iko nasoma masomo yake."

"Masomo ya Tanzania?"

Mama aliinamia kawa lake, akaendelea kusuka. Nilibaki nimesimama mpaka povu likanikaukia mwilini.

Siku zilizofuata chakula hakikuwa na ladha. Dada yangu Zaituni, ambaye hakujua kunyamaza, aliniwekea sahani mbele akaninong'oneza, "Karibu, mheshimiwa balozi. Wakikuchukua, blanketi niachie mimi." Mama alimzaba kofi, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kutupiga. Gari la jeshi likisikika barabarani, mikono yake ilisimama juu ya ukindu mpaka lipite. Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nawaza mifupa ya Mama.

Kwetu hungoji jirani uliyemkosea aje kwako. Unamwendea na kahawa ya tangawizi, naye akiinywa, amekubali yaishe. Mama alichemsha kahawa, akanishika mkono, tukaenda. Sajini alikitazama kikombe asikiguse.

"Sema yote," aliniambia.

Nikasema yote, nimesimama barazani kwake. Nakiri kwamba hata katika hofu ile niligundua nimeruka neno moja, na likaniuma. Nilipomaliza alichukua kikombe, akanywa mpaka mwisho.

"Maneno iko mazuri," alisema. "Hiyo ndiyo mbaya. Kama wewe nasema ovyo, mutu nacheka. Wewe nasema kama mutu ya kule kabisa." Akamgeukia Mama. "Mama Zaituni, mimi nakunywa kahawa yako, mimi hapana sikia kitu. Lakini kule mpakani, njia ya Nairobi, hapana kahawa."

Mama hakuniuliza. Shule ilipofunguliwa alinipeleka Arua mwenyewe, akamwambia Mwalimu Drani kwamba mwanawe haendi. Nilingoja mwalimu anitetee. Alisema tu, "Sawa, mama," kwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, nikaelewa kwamba yeye pia alikuwa hapati usingizi. Nafasi yangu alipewa mvulana mwingine, naye akaomba abadilishiwe nchi. Alirudi na habari za lifti na mkate wenye siagi pande zote mbili. Nilimsikiliza nikitabasamu, nikamchukia muhula mzima.

Siku hizi wanafunzi wa Arua hupanda basi wakaenda Dar es Salaam kwenye mikutano kama ile, wakarudi na picha, na mama zao wanawauliza tu kama walikula vizuri. Mimi Nairobi sijafika hadi leo. Nafundisha Kiswahili, na nikisimama mbele ya watu bado natazama kwanza ni nani aliyekaa nyuma. Ila mwanafunzi wangu akikosea neno, simrudishi mwanzo. Namwacha aendelee.