Nyuso za Wanaotazama Fahali

Harufu ya nyasi zenye umande, zilizokanyagwa na kwato, ilinirudia juzi sebuleni kwetu huku ughaibuni, Granville, mjukuu wangu Neema alipofungua kitabu cha picha alichoazima maktaba. Ilikuwa picha ya kale ya Kihispania: watu wamejazana wakitazama fahali akipigana, ila fahali mwenyewe haonekani. Zipo nyuso tu. Neema akaniuliza kwa Kiingereza fahali yuko wapi.

Kwetu Isukha, magharibi mwa Kenya, fahali hupiganishwa na fahali mwenzake, asubuhi. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Radi, fahali wa baba, alifungiwa peke yake siku kadhaa kabla ya pambano, asikaribie majike, maana akishawapanda hasira humwisha. Nilimsikia akilia, nikamwonea huruma. Mchana mmoja, mchungaji wetu akiwa amelala kivulini, nikamfungulia, akakaa mtoni na ng'ombe wetu, nikamrudisha bila mtu kujua.

Kesho yake uwanjani sikuona kitu nyuma ya migongo ya watu wazima. Ngoma za isukuti zilipokatika ghafla, nikatazama nyuso: vinywa wazi, mikono kichwani. Ndivyo nilivyojua. Radi alikuwa amegeuka kukimbia, na baba, aliyesimama nyuma yake na fimbo, hakuwahi kumpisha, akakanyagwa.

Baba alilala siku tatu akihema kwa shida. Wazee walijua fahali anayekimbia hivyo ametolewa kwa majike, wakambana Shivachi, kibarua aliyetuchungia ng'ombe, ambaye alizoea kunichongea vijiko vya mti. Aliapa kwamba hakumtoa Radi. Mama akanigeukia.

"Mwanangu, uliona mtu akifungua zizi?"

"Sikuona mtu, mama."

Shivachi alifukuzwa na nguo alizovaa. Baba tukamzika.

Mungu amenivumilia. Amenipa watoto, akanifikisha nchi ya mbali nilale pasafi, na kila asubuhi namshukuru. Lakini Shivachi sikumtafuta, na waliomjua wamekwisha. Wajukuu wangu wakivunja sahani husema wenyewe, wakaomba radhi, chakula kikaendelea. Mimi sala yangu ya toba hukwama palepale kila siku, tangu utotoni hadi uzeeni.

Neema akamwekea kidole mwanamke mmoja pichani, aliyejifunika uso kwa mtandio. Safari hii akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, "Kukhu, huyu naogopa damu?"

"Sijui, mjukuu wangu," nikasema. "Funga kitabu, ukae hapa. Kulikuwa na mtu akiitwa Shivachi."